Mguu umekatwa, mbona bado unauma? Dawa zinazoweza kusaidia

Mwanao amekatwa mguu, na usiku anaamka akilia kwamba vidole vinamuungua. Vidole hivyo havipo. Usimwambie anajitungia. Mishipa ya fahamu iliyokatwa bado inatuma taarifa, na ubongo unaupokea mguu ule kana kwamba upo. Maumivu ni ya kweli, kwa mtoto na kwa mtu mzima.

Kwanza angalia kigutu. Kikiwa kimevimba, cha moto au kinatoa usaha, mrudishe hospitali siku hiyohiyo.

Parasetamoli na ibuprofeni hufaa zaidi kwa maumivu ya kidonda. Kwa mguu usiokuwepo mara nyingi hazitoshi, ndiyo maana daktari anaweza kuandika amitriptilini. Wengi hushtuka wakiambiwa dukani kuwa ni dawa ya sonona. Ni kweli, lakini kwa dozi ndogo hutumika pia kutuliza maumivu ya mishipa ya fahamu. Hunywewa usiku kwa sababu huleta usingizi. Pia hukausha mdomo na kufunga choo. Usitarajie nafuu kesho yake, kwani huweza kuchukua wiki kadhaa. Na tafadhali ifungie mahali: vidonge vichache tu vinaweza kumuua mtoto mdogo.

Gabapentini na pregabalini ni dawa za kifafa zinazotumika pia kwa maumivu haya. Haziwasaidii wote. Dozi hupandishwa polepole, na kwa kuwa huleta kizunguzungu, anayetembea kwa magongo awe na mtu karibu siku za mwanzo. Hata ukiona hazifanyi kazi, usizikatize ghafla. Rudi kwa daktari azipunguze kidogo kidogo.

Tramadoli na mofini ni za maumivu makali, chini ya uangalizi wa daktari. Mtoto wa chini ya miaka 12 asipewe tramadoli, hata kama jirani anazo zilizobaki. Ikichanganywa na amitriptilini inaweza kuleta degedege, kwa hiyo taja kliniki kila dawa anayotumia, na za mitishamba pia. Mgonjwa akiwa mgumu kuamka au akipumua polepole mno, mkimbize hospitali.

Uliza pia kuhusu zoezi la kioo, ambapo mgonjwa huuchezesha mguu mzima huku akiutazama kiooni kama ni ule uliokatwa. Halina gharama kubwa, na linaweza kufanywa pamoja na dawa.