Nishani Isiyo na Jina: Kumtafuta Askari wa Muda wa Buha

Mtu wa Buha, nchi ya Waha mkoani Kigoma, aliyevaa sare ya jeshi katika karne ya 20 mara nyingi hakuwa mwanajeshi wa kudumu. Alitoka shambani, akabeba mizigo au bunduki kwa miezi au miaka kadhaa, kisha akarudi kwenye maharage na migomba yake. Akifariki, wajukuu hukuta kisanduku chenye vipande viwili vitatu vya chuma na tepe zilizopauka, bila karatasi ya maelezo. Kumtafuta mtu huyo katika vijiji vya Buhigwe, wilaya iliyomegwa kutoka Kasulu mwaka 2012, ni kazi tofauti na kumtafuta ofisa aliyelitumikia jeshi miaka 30. Ofisa ana jalada. Askari wa muda aliandikwa siku ya kuingia na siku ya kutoka, na pengine hata hapo aliandikwa vibaya.

Uchunguzi huanza na chuma chenyewe. Nishani za Uingereza za Vita Kuu ya Kwanza, ile ya fedha yenye sura ya Mfalme George wa Tano na ile ya shaba ya Ushindi, zilichongwa ukingoni namba, cheo, jina na kikosi cha mwenye nayo. Hapo mtafutaji ana pa kuanzia. Zile za Vita Kuu ya Pili walizopewa askari wa Kikosi cha King's African Rifles, au KAR, hazikuchongwa jina. Nishani ya nyota ya shaba ya mzee wa Munanila haina tofauti na ya mzee wa Nairobi, na zikichanganywa katika droo moja hakuna awezaye kuzitenganisha kwa macho. Ndiyo maana nishani za watu wawili wa ukoo mmoja, baba na mwana, zikishonwa kwenye kitambaa kimoja humzaa askari ambaye hakuwahi kuwapo.

Hata bila jina, nyota husema jambo. Nyota ya Afrika ilihusu utumishi wa kati ya Juni 1940 na Mei 1943, ikiwa ni pamoja na mapambano ya Ethiopia na Somalia dhidi ya Waitaliano. Nyota ya Burma ilianzia Desemba 1941 hadi Septemba 1945. Kampeni ya Madagascar ya mwaka 1942, ambako batalioni ya kwanza ya 6 KAR ilipelekwa kupambana na majeshi ya serikali ya Kifaransa ya Vichy, haikupewa nyota yake. Kwa hiyo simulizi ya mzee kuvuka bahari kwenda kisiwani isitupwe kwa sababu tu nishani zake haziitaji Madagascar. Kosa hilo hufanywa na wanaoamini chuma kuliko mdomo.

Kwa upande wa Buha, ugumu wa Vita Kuu ya Kwanza unatokana na mipaka. Majeshi ya Wabelgiji kutoka Kongo yalipita Urundi, yakaichukua Kigoma mwishoni mwa Julai 1916, na Tabora mnamo Septemba 19 mwaka huohuo. Wabelgiji hawakuondoka mara moja. Waliendelea kuitawala Kigoma na Buha hadi mwaka 1921, walipowakabidhi Waingereza. Kijana mmoja wa Manyovu aliweza basi kuanza vita akiwa chini ya Mjerumani, kutwaliwa kuwa mpagazi wa Mbelgiji, na kumaliza akiwa askari wa Mwingereza, kwa kuwa 6 KAR iliundwa mwaka 1917 ikiwa na wengi waliowahi kuwa askari wa Wajerumani. Utumishi wa mtu huyo umesambaa katika kumbukumbu za lugha tatu, na upagazi wake, ambao huenda ndio uliomtesa zaidi, ndio ulioandikwa kidogo kuliko vyote.

Kuna kisa kinachosimuliwa sana kuhusu jinsi ukosefu wa karatasi ulivyotatuliwa. Mwaka 1964 serikali ya Ujerumani Magharibi iliamua kuwalipa malimbikizo ya mishahara askari wa zamani wa Afrika Mashariki ya Kijerumani waliokuwa hai. Inasemekana wazee walijitokeza Mwanza, wengi wakiwa hawana vyeti, na ofisa wa benki akampa kila mmoja ufagio na kumwamuru kwa Kijerumani afanye gwaride la silaha. Kama kisa kilitokea hivyo hivyo au kimepambwa, mbinu yake ni nzuri: mwili huhifadhi mafunzo pale ofisi ilipopoteza faili. Mtafutaji wa leo anaweza kumwomba mzee aonyeshe alivyobeba silaha, au ataje amri alizopigiwa na lugha iliyotumika, na kwa hilo akakisia jeshi na hata miaka.

Vita Kuu ya Pili iliwachukua Watanganyika takriban 87,000. Wengi wao walikuwa wakulima, na Buha tayari ilikuwa imezoea kuona vijana wakiondoka, maana ilikuwa chimbuko kubwa la manamba, yaani vibarua wa mkataba, wa mashamba ya mkonge. Mkonge wenyewe ulihesabiwa kuwa zao la vita, na watu walilazimishwa kuufanyia kazi. Hapa panahitaji uangalifu. Familia inaposema kwamba babu “alikwenda vitani” mwaka 1943, inawezekana alikwenda Tanga kukata mkonge wala hakufika Burma. Batalioni za 26 na 36 za KAR, ambazo zilikuwa za Tanganyika, zilipigana Burma zikiwa chini ya Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki. Shajara za kila batalioni zimehifadhiwa London, katika Nyaraka za Taifa za Uingereza. Shajara hizo hutaja maofisa kwa majina na askari kwa idadi. Faida yake ni kuonyesha kikosi kilikuwa wapi tarehe fulani. Jina la mtu hutafutwa kwingine.

Kwingine huko ni karibu zaidi kuliko London. Daftari za ubatizo za misheni ya Kabanga, Kasulu, au orodha za waumini wa Wasabato wa Heri zinaweza kumtaja kijana kabla hajaondoka. Tatizo ni tahajia. Karani aliyeandika kwa masikio ya Kiswahili aligeuza r kuwa l au l kuwa r, hata utawala wa mwami, yaani mtemi, wa Ruguru unaonekana katika maandishi mengine kama Luguru. Mtu mmoja anaweza kuwa na jina la Kiha kijijini, jina la ubatizo kanisani, na jina la Kiislamu alilojipa kambini. Orodha ikitafutwa kwa jina moja tu, huenda asionekane kamwe.

Askari wa muda kwa maana kamili, aliyefunzwa huku akiendelea kulima, ni mgambo. Baada ya maasi ya wanajeshi ya Januari 1964 jeshi lililorithiwa kutoka kwa Waingereza lilivunjwa, na Jeshi la Wananchi wa Tanzania likaundwa Septemba 1 mwaka huo. Mapinduzi ya Idi Amin nchini Uganda ya Januari 1971 yalifuatwa mwezi mmoja baadaye na Mwongozo wa TANU, chama tawala, uliotaka wananchi wenyewe wafunzwe ulinzi. Katika Buha mafunzo hayo yaliendana na kuhamishiwa kwa watu katika vijiji vya ujamaa vya Operesheni Kigoma.

Uganda ilipovamia eneo la Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978, jeshi la Tanzania lililokuwa na watu wasiofika 40,000 lilikuzwa hadi kuzidi 150,000. Takriban 40,000 miongoni mwao walikuwa mgambo. Jaribio lao kubwa lilikuwa Lukaya, nchini Uganda, Machi 10, 1979. Brigedi ya 201 chini ya Imran Kombe, ambayo karibu yote ilikuwa ya mgambo na wengi wao hawajawahi kuona mapigano, ilipigwa maroketi na kikosi cha Waganda na Walibya, ikatawanyika. Brigedi ya 208 ya Mwita Marwa ilizunguka usiku hadi barabara ya Kampala, na asubuhi mambo yakageuka. Mzee aliyekuwa Lukaya huanza simulizi yake na asubuhi hiyo. Habari za usiku zinataka subira na msikilizaji asiyehukumu.

Kwa mtafutaji, jina la kamanda na jina la barabara ni bora kuliko tarehe, kwa kuwa tarehe husahaulika upesi. Masaka na Mbarara zilichukuliwa na vikosi tofauti mwishoni mwa Februari. Anayemkumbuka Silas Mayunga, aliyeitwa Mti Mkavu, na njia ya Mbarara alikuwa upande mmoja. Anayekumbuka kinamasi cha Lukaya alikuwa upande mwingine. David Musuguri, aliyeiongoza Divisheni ya 20 kuelekea Kampala, alikuwa ameingia KAR mwaka 1942, kwa hiyo katika vita hivyo mafunzo ya jeshi la mkoloni na ya mgambo wa kijiji yalikutana.

Karatasi za mgambo huulizwa kwanza kwa Mshauri wa Mgambo wa wilaya. Kwa kuwa Buhigwe haikuwapo mwaka 1978, za wakati huo hufuatwa Kasulu, kisha Makao Makuu ya Jeshi. Vyama vya ushirika vilikuwa vimefutwa Mei 1976, hivyo mauzo ya kahawa ya msimu wa vita hutafutwa katika vitabu vya kijiji, na mkulima aliyekosekana humo msimu mmoja kisha akarejea anastahili kuulizwa alikuwa wapi. Ambaye hakurejea huanziwa Kaboya, wilayani Muleba, kwenye makaburi ya mashujaa wa vita hivyo. Baada ya hapo ni jalada la mirathi katika mahakama ya mwanzo, linaloorodhesha warithi wake, shamba lake na mifugo yake.