Skrini Kubwa Hailemei Kompyuta, Wingi wa Pikseli Ndio Huilemea

Kijana anayetaka kufungua kibanda cha gemu mjini Mbita huwa na fedha za kuhesabu, ziwe ni akiba ya samaki, za chama au za mkopo mdogo. Swali la mapema linalomkabili ni skrini. Anunue ya inchi 24 au ya inchi 43? Je, kubwa itailemea kompyuta yake? Akikosea hapa, fedha zitaishia kwenye kioo, kisha wateja wahamie kwa jirani kwa sababu mchezo unakwamakwama.

Jibu fupi ni kwamba inchi za skrini hazibadilishi kasi ya mchezo. Kinachoibadilisha ni rezolusheni, yaani idadi ya nukta ndogo zinazounda picha. Nukta hizo huitwa pikseli.

Hesabu ya pikseli

Rezolusheni huandikwa kwa namba mbili: pikseli za upana na za urefu. Ukizizidisha unapata jumla ya nukta ambazo kompyuta inapaswa kuchora:

- 1280 kwa 720: pikseli 921,600
- 1920 kwa 1080: pikseli 2,073,600
- 3840 kwa 2160, maarufu kama 4K: pikseli 8,294,400

Kazi ya kuchora hufanywa na kadi ya michoro. Picha moja huitwa fremu, na mchezo unaoteleza vizuri huhitaji takriban fremu 60 kwa sekunde. Kwa rezolusheni ya 1920 kwa 1080, hizo ni pikseli zaidi ya milioni 124 kila sekunde. Kwa 4K ni karibu milioni 498, mara nne ya kazi ileile. Kadi ikishindwa, fremu hupungua. Zikishuka chini ya 30, mchezaji huona mpira ukiruka badala ya kubingirika.

Skrini ya inchi 24 na ya inchi 43, zote zikiwa za 1920 kwa 1080, huipa kadi mzigo uleule. Tofauti iko machoni. Ile ndogo ina pikseli kama 92 kwa kila inchi, na ile kubwa ina kama 51. Ukikaa karibu na ile kubwa, picha inaonekana na chengachenga. Ukirudi nyuma mita mbili hivi, inatulia. Kwa hivyo pima chumba kabla ya kupima skrini. Kumbuka pia kwamba skrini kubwa kwa kawaida hula umeme zaidi, na tokeni ni gharama ya kila siku.

Ukitumia PlayStation

PlayStation 4 ya kawaida, iliyotoka mwaka 2013, hutoa picha za gemu zisizozidi 1920 kwa 1080. Ukiiunganisha na runinga ya 4K, haifanyi kazi zaidi. Runinga yenyewe ndiyo huikuza picha ili ijaze kioo. PlayStation 4 Pro ya mwaka 2016 ndiyo iliyoleta uwezo wa kutoa 4K. Mwenye mashine ya kawaida anayelipia runinga ya 4K kwa ajili ya gemu pekee analipia pikseli ambazo mashine yake haizitoi.

Kuna jambo jingine kuhusu runinga. Nyingi huipamba picha kabla ya kuionyesha, na hapo kitufe kikibonyezwa mchezaji kwenye kioo huchelewa kuitikia. Wengi hudhani mashine imechoka. Ingia kwenye mipangilio ya picha uwashe hali ya mchezo, kama ipo. Haina gharama yoyote.

Jaribio la kufanya kabla ya kununua

Ikiwa gemu inakwama kwenye kompyuta, ishushe rezolusheni kutoka 1920 kwa 1080 hadi 1280 kwa 720, kisha ucheze tena pale pale ilipokuwa ikikwama. Mchezo ukianza kuteleza, kadi ya michoro ndiyo iliyokuwa imelemewa. Usipobadilika, huenda tatizo liko kwenye prosesa, kumbukumbu au joto, na hata skrini mpya haitasaidia. Vumbi kwenye feni nalo huongeza joto, na kompyuta yenye joto kali hujipunguzia kasi.

Kompyuta nyingi zilizotumika ofisini hazina kadi ya michoro ya peke yake. Hizo zipe rezolusheni ya chini na upunguze vivuli na mapambo ndani ya gemu. Baadhi ya gemu mpya pia huchora picha ndogo kisha zikaikuza kwa ujanja. Teknolojia ya DLSS ya Nvidia ilianza mwaka 2018, na FSR ya AMD mwaka 2021. Gemu ikiwa na chaguo hilo, na kadi yako ikilikubali, lijaribu kwanza.

Kwa mwenye fedha kidogo, mpangilio unaofaa ni huu: jua kwanza mashine yako inaweza kutoa pikseli ngapi kwa fremu 60, nunua skrini ya rezolusheni hiyo, kisha chagua inchi kulingana na mahali wateja watakapoketi. Zikibaki shilingi, ziweke kwenye kadi, kumbukumbu au pedi imara za kuchezea. Mteja anayelipia mechi moja hataulizia pikseli, ila mchezo ukikwama atajua mara moja.