Ufichaji wa funksheni zilizorithiwa

Ufichaji wa funksheni zilizorithiwa ni hali inayotokea katika uandishi wa programu za kompyuta kwa kutumia vitu, ambapo funksheni ya klasi mtoto inazifanya funksheni zenye jina lilelile katika klasi mzazi zisionekane. Hali hii inajulikana hasa katika lugha ya programu ya C++, iliyoundwa na Bjarne Stroustrup kutoka Denmark. Funksheni za mzazi hazifutwi. Bado zipo, lakini hazipatikani kwa kutaja jina lake tu kupitia kitu cha klasi mtoto.

Urithi na majina

Klasi ni kielelezo ambacho programu hukitumia kutengenezea vitu. Ndani yake huwa na data pamoja na funksheni, yaani vipande vya programu vyenye jina vinavyofanya kazi fulani. Klasi mtoto hurithi data na funksheni za klasi mzazi, kisha inaweza kuongeza za kwake.

C++ inaruhusu pia funksheni kadhaa za klasi moja kutumia jina moja, mradi vigezo vyake vitofautiane kwa idadi au kwa aina. Kwa sababu hiyo wanafunzi wengi hudhani kwamba funksheni mpya ya mtoto huongezwa tu kwenye kundi la zile za mzazi. Sivyo ilivyo.

Jinsi jina linavyotafutwa

Kompaila ya C++ ikikutana na wito wa funksheni hufuata hatua tatu:

1. Hutafuta jina katika klasi ya kitu chenyewe. Likikosekana, huenda kwa mzazi, kisha kwa mzazi wa mzazi. Hukoma mara tu inapolipata.
2. Kati ya funksheni zilizopatikana katika klasi hiyo, huchagua ile ambayo vigezo vyake vinafaa zaidi.
3. Mwishoni huangalia kama funksheni iliyochaguliwa inaruhusiwa kutumika mahali hapo.

Katika hatua ya kwanza vigezo havitazamwi kabisa. Jina likipatikana kwa mtoto, funksheni zote za mzazi zenye jina hilo huachwa nje, hata kama mojawapo ingefaa zaidi. Vilevile, funksheni ya mtoto ikiwa ni ya siri, wito kutoka nje hukataliwa, ingawa ile ya mzazi iko wazi kwa wote.

Mfano

```
class Mizani {
public:
    void ongeza(double kilo);
    void ongeza(double kilo, int idadi);
};

class MizaniDuka : public Mizani {
public:
    void ongeza(int kilo);
};

MizaniDuka m;
m.ongeza(2.75);      // inapokelewa kama 2
m.ongeza(2.75, 4); // kosa: programu inakataliwa
```

Wito wa pili hauna madhara makubwa, kwa sababu kosa huonekana mapema. Wa kwanza ndio wa hatari. Programu inakubaliwa, pengine kwa onyo tu, lakini 2.75 inageuzwa kuwa namba kamili na robo tatu ya kilo inapotea.

Sababu ya kanuni hii

Kanuni hii inamlinda mwandishi wa klasi mtoto. Kama funksheni zote zingechanganywa, mtu anayetunza klasi mzazi angeweza kuongeza funksheni mpya yenye jina lilelile. Wito uliokuwa ukienda kwa funksheni ya mtoto ungehamia kwa mzazi bila mtu yeyote kugusa klasi mtoto.

Tofauti na kuandika upya

Ufichaji haufanani na kuandika upya funksheni iliyotangazwa kwa neno `virtual`. Katika kuandika upya, funksheni ya mtoto ina jina na vigezo sawasawa na ya mzazi, na ndiyo inayotumika hata kitu kikishikwa kama cha aina ya mzazi. Vigezo vikitofautiana, au neno `const` likisahaulika mwishoni, funksheni ya mtoto huificha tu ile ya mzazi. Kitu kikitumiwa kama cha aina ya mzazi, funksheni ya zamani ndiyo inayoendelea kufanya kazi.

Njia za kuepuka

* Kuandika `using Mizani::ongeza;` ndani ya klasi mtoto. Funksheni zote za mzazi zenye jina hilo huonekana tena, na katika mfano wa juu wito wote wawili hufanya kazi ipasavyo.
* Kutaja klasi mzazi katika wito, kama `m.Mizani::ongeza(2.75);`.
* Kuandika neno `override`, lililoingizwa katika C++ mwaka 2011, kwenye funksheni inayokusudiwa kuandika upya ile ya mzazi. Vigezo visipolingana, kompaila huikataa programu.
* Kuwasha onyo la `-Woverloaded-virtual` katika kompaila za GCC na Clang, ambalo hutaja funksheni za `virtual` zilizofichwa.
* Kuipa funksheni mpya jina tofauti, kama kazi yake ni tofauti.

Lugha nyingine

Katika Java, funksheni za kawaida zilizorithiwa huhesabiwa pamoja na za mtoto, kwa hiyo jina peke yake halifichi kitu. Hata hivyo, data na funksheni za `static` zinaweza kufichwa. C# ina neno `new` la kuonyesha kwamba ufichaji umekusudiwa. Likikosekana, kompaila hutoa onyo. Katika Python jina hutafutwa wakati programu inaendeshwa, kuanzia kwa mtoto, na la kwanza kupatikana ndilo linalotumika. Funksheni ya mzazi hufikiwa kwa `super()`.