Nywele za Mfalme

Louis wa Kumi na Tatu, Mfalme wa Ufaransa, alianza kunyonyoka nywele angali kijana. Mwaka 1624 akavaa nywele za bandia ili kichwa chake kionekane kimejaa. Wakuu wa baraza lake, hata wale wenye nywele tele, wakamwiga. Kwani nani angethubutu kuwa na kichwa bora kuliko cha mfalme?

Desturi hiyo ikaenea Uingereza zama za Charles wa Pili, aliyerudishiwa kiti cha enzi mwaka 1660, na majaji nao wakaifuata. Mwaka 1795 serikali ya William Pitt ilitoza kodi ya gini moja, yaani shilingi 21 kwa mwaka, kwa kila atiaye nywele poda. Watu wengi wakaiacha desturi, majaji hawakuiacha. Mwaka 1822 Humphrey Ravenscroft wa London akabuni nywele za singa za farasi, zisizohitaji poda.

Utawala wa Kiingereza ulizileta Kenya, zikavaliwa mahakamani hata katika joto la Mombasa, mpaka Jaji Mkuu Willy Mutunga alipoziondoa mwaka 2011.

Basi twaona jinsi kifuniko cha upara wa mtu mmoja kilivyogeuka alama ya enzi kwa watu wasiojua chanzo chake. Mwanafunzi wa historia aonapo desturi inayoheshimiwa sana, na aulize: ilianzishwa ili kuziba pengo gani, na pengo hilo lilikuwa la nani?