Historia ya Dhana ya Entropia na Funzo Lake kwa Usanifishaji wa Istilahi za Kiswahili

Istilahi ya entropia hutumika katika taaluma mbili ambazo kwa mtazamo wa kwanza hazina udugu: fizikia ya joto na nadharia ya habari. Katika maelezo mengi ya kufundishia, dhana hiyo hufafanuliwa kwa neno moja tu, yaani vurugu. Makala haya yanadai kuwa historia ya dhana yenyewe haiungi mkono ufafanuzi huo, na kwamba kisawe kitakachoteuliwa kwa Kiswahili kinaweza kumsaidia au kumpotosha mwanafunzi.

Neno hilo liliundwa mwaka 1865 na Rudolf Clausius, mwanafizikia Mjerumani aliyekuwa akifundisha Zurich. Alitafuta kipimo cha kueleza kwa nini joto huhama lenyewe kutoka kwenye kitu cha moto kwenda kwenye kitu baridi, wala si kinyume chake. Kipimo chake hugawanya joto lililohamishwa kwa jotoridi. Tuseme jouli 1,200 zinatoka kwenye kitu kikubwa chenye kelvini 400 na kuingia kwenye kingine chenye kelvini 300. Cha kwanza hupoteza jouli 3 kwa kelvini, cha pili hupata 4. Nishati haikubadilika, lakini entropia imeongezeka kwa 1. Clausius alichota neno lake katika mzizi wa Kigiriki wenye maana ya mageuzi, akieleza kuwa majina yatokayo katika lugha za kale yanaweza kuingia katika lugha zote hai yakiwa na maana ileile. Wazo la vurugu halikuwamo.

Mwaka 1877 Ludwig Boltzmann aliihusisha entropia na kuhesabu: hali moja inayoonekana inaweza kutokea kwa mipangilio mingapi ya molekuli? Sarafu nne zikirushwa, kuna matokeo 16. Nne zote kuwa vichwa hutokea kwa njia 1, ilhali vichwa viwili na mikia miwili hutokea kwa njia 6. Hali yenye njia nyingi ndiyo inayotarajiwa zaidi, na logarithi ya idadi hiyo ndiyo msingi wa entropia. Tamathali ya kukosa mpangilio ilienea katika kipindi hichohicho cha mwisho wa karne ya 19, ikiwa msaada wa kufikiri, si fasili.

Claude Shannon, aliyekuwa akifanya kazi katika maabara za Bell nchini Marekani, alichapisha mwaka 1948 nadharia ya hisabati ya mawasiliano. Alipima kutotabirika kwa ujumbe kwa biti, akapata fomula yenye umbo la ile ya Boltzmann, naye akaiita entropia. Sarafu isiyopendelea upande ina biti 1. Sarafu inayoangukia upande mmoja mara 9 katika kila 10 ina takribani biti 0.47. Vivyo hivyo, msomaji wa Kiswahili aonapo herufi b hutarajia irabu kwa kawaida. Kadiri herufi ifuatayo inavyotabirika, ndivyo entropia inavyopungua. Hapa neno vurugu halifai kabisa, kwani matini iliyopangwa vizuri inaweza kuwa na entropia kubwa.

Udugu wa dhana hizi mbili hauishii kwenye fomula. Mwaka 1961 Rolf Landauer alionesha kuwa kufuta biti moja ya kumbukumbu hakuwezi kukwepa kutoa kiasi fulani cha chini cha joto katika mazingira. Kwa hiyo, kuwa na istilahi moja kwa fizikia na nyingine kwa habari kungeficha uhusiano wa kisayansi uliokwisha kubainika.

Funzo kwa vyombo vya usanifishaji, likiwamo Baraza la Kiswahili la Taifa nchini Tanzania na Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, ni kwamba uwazi wa neno si kigezo pekee. Kisawe cha asili kinachoeleweka haraka kinaweza kubeba tamathali ya kupita badala ya dhana. Inapendekezwa kutohoa entropia katika taaluma zote mbili, na kuifasili kwa msingi unaoziunganisha: kipimo cha wingi wa mipangilio inayowezekana pale ambapo ni sehemu tu ya hali inayojulikana. Neno vurugu libaki katika mifano ya mwalimu, lisiingie katika fasili ya kamusi.