Kurekodi unyanyasaji wa mitaani

Kumrekodi mnyanyasaji na kumwanika mtandaoni ni silaha ya wanawake waliochoka kunyamaza. Mwaka 2005, abiria wa treni ya chini ya ardhi, New York, alimpiga picha kwa simu mwanamume aliyekuwa akijichua mbele yake, akaiweka kwenye intaneti. Kisa hicho kilichochea kuanzishwa kwa Hollaback!, harakati ya kupinga unyanyasaji wa mitaani.

Paris, Julai 2018, mwanafunzi alimjibu mwanamume aliyemtolea maneno machafu. Akarushiwa kisahani cha majivu ya sigara, kikamkosa. Kisha akazabwa kofi hadharani, mbele ya wateja wa mgahawa. Kwa ujasiri wa kupigiwa mfano, aliisambaza video ya kamera ya mgahawa huo.

Mshambuliaji alifungwa. Agosti mwaka huo, Ufaransa ilipitisha sheria ya kuwatoza faini wanyanyasaji wa mitaani.