Duka la Bafta: Habari za Biashara Street, Nairobi



Katika hesabu za Mweka Hazina mtaona kwamba mwaka huu fungu la mazishi limetumika kwa namna tusiyoizoea. Zamani ilikuwapo hati moja ya duka moja, ikalipwa kidogo kidogo mpaka mwaka ukaisha. Sasa ziko risiti ndogo ndogo za vibanda vingi, na karibu zote zimelipwa taslimu siku ile ile. Mwanachama mmoja aliuliza sababu mkutanoni, akajibiwa kwa ufupi kwamba duka letu limefungwa. Halmashauri imeniomba niandike jibu lililo refu zaidi, maana vijana wetu wengi hawakulijua duka lile, na baadhi yao wamestaajabu kwamba kufungwa kwa duka la mtu kuwe ni habari ya kutiwa katika kitabu cha chama.

Duka lilikuwa katika Biashara Street, ule mtaa unaotoka Moi Avenue, karibu na pale watu wanapopaita Khoja, kuelekea Muindi Mbingu Street. Jina lake silitaji, kwa kuwa wenyewe wako hai nao hawakuniomba niwatangaze. Walikuwa wakiuza nguo za jora: kaki na drili za sare za shule, amerikani, leso, mablanketi; na juu kabisa, katika rafu ya mwisho isiyofikiwa ila kwa ngazi, yaliwekwa majora ya bafta nyeupe ya sanda. Marehemu baba yangu alikuwa fundi cherehani katika baraza ya duka hilo tangu mwaka 1958. Hakulipa kodi ya baraza. Mteja alinunua nguo ndani, akatoka nayo nje kwa fundi, na hivyo kila mmoja alimletea mwenzake riziki.

Mtaa wenyewe umri wake ni umri wa mji. Reli ilipofika Nairobi mwaka 1899 wafanya biashara wa Kihindi walifuata nyuma yake, wakajenga vibanda vya mbao na mabati, na mahali pale pakaitwa Bazaar. Mwaka 1902 ilizuka tauni, na wakuu wa serikali wakaamuru Bazaar ichomwe moto. Ikateketezwa, kisha ikajengwa upya, na kwa miaka mingi mtaa ukajulikana kwa jina la Bazaar Street, hata baada ya Uhuru ukapewa jina la Kiswahili lenye maana iliyo karibu nayo. Naomba msomaji akumbuke moto ule, kwani mtaa huu umekufa na kufufuka zaidi ya mara moja, na kila mara wenye kufufuka si wale wale waliokufa.

Sisi Waafrika tuliingia mtaani humo kwa mlango wa nyuma. Tulikuwa wachukuzi, wafagizi, walinzi wa usiku na mafundi wa barazani. Na tulikuwa wanunuzi. Wazee watakumbuka jinsi nguo ilivyopimwa kwa wari, na jinsi kidole gumba cha mpimaji kilivyojua kula inchi moja katika kila wari. Watakumbuka pia mwezi wa Aprili mwaka 1954, wakati wa Hali ya Hatari, askari walipouzunguka mji katika operesheni iliyoitwa Anvil, wakawakamata Wakikuyu, Waembu na Wameru kwa maelfu. Baba alisimulia kwamba alipopata nafasi yake barazani miaka minne baadaye, aliambiwa bayana ya kuwa ni nafasi ya mtu aliyechukuliwa. Hakupata kulijua jina la mtu huyo, na jambo hilo lilimsumbua mpaka uzee wake.

Kulikuwa na sheria nyingine isiyokumbukwa sana leo, nayo yahusu moja kwa moja hati ya Mweka Hazina. Mwaka 1948 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya kuzuia mikopo kwa Waafrika: mkopo uliozidi shilingi 200 haukuruhusiwa bila idhini ya serikali, na aliyeutoa bila idhini hiyo hakuweza kuudai mahakamani. Walisema ni kumlinda Mwafrika asizame katika madeni. Huenda. Lakini mtu asiyeweza kukopa hawezi kujaza rafu, na asiyeweza kujaza rafu hawezi kuwa na duka. Mwafrika aliyetaka kufanya biashara katika miaka ile alibaki na kibanda chake Kariokor au Burma, akauza alichonunua asubuhi kwa fedha za jana.

Pamoja na hayo, mwenye duka lile alitukopesha. Chama chetu, kama vyama vingi vya Waafrika mjini, kilianzishwa kwanza kwa ajili ya kuzika: mtu akifa ugenini apate sanda na sanduku, na ikiwezekana asafirishwe kwao. Mauti hayangoji mwisho wa mwezi. Katibu wa kwanza alikwenda dukani na baba yangu kama mdhamini, ikafunguliwa karatasi katika daftari lenye jalada jekundu, na tangu siku hiyo mwanachama alipofariki, hata usiku, mtu alitumwa kugonga mlango wa uani akapewa bafta. Kama tungekataa kulipa, mwenye duka hakuwa na hakimu wa kumwendea. Sisemi alikuwa malaika, kwani kidole gumba nilichokitaja kilikuwa chake. Nasema tu kwamba alituamini bila sheria kumsaidia, na chama hakikupata kumvunjia ahadi.

Uhuru ulipokuja mwaka 1963 watu walitazamia mtaa ubadilike upesi. Serikali iliunda shirika la biashara la taifa, KNTC, mwaka 1965, ili wauzaji wa Kiafrika wapate bidhaa kwa bei ya jumla, na mwaka 1967 ikapitisha sheria ya leseni za biashara iliyowazuia wasio raia kuuza bidhaa fulani na kufanya biashara katika sehemu fulani za miji. Wahindi wengi walikuwa na hati za Uingereza, nao waliharakisha kuondoka kabla ya Uingereza kuwafungia mlango kwa sheria yake ya tarehe 1 Machi 1968. Milango mingi ilifungwa siku zile. Baadhi ilifunguliwa tena na watu wetu, nasi tulifurahi, na ilistahili tufurahi. Mwenye duka la bafta alikuwa amechukua uraia, akabaki.

Lakini wengi wa ndugu zetu waliochukua maduka hawakudumu. Nimelifikiri jambo hili miaka mingi, na sikubaliani na wale wasemao kwamba Mwafrika hajui biashara. Leseni ilimpa mlango. Ukuta ulibaki kuwa wa mwenye nyumba, na bidhaa zilibaki kwa muuzaji wa jumla, ambaye kwa mgeni alitaka fedha mkononi ilhali kwa jamaa yake aliandika daftarini.

Kuhusu ukuta, ipo sheria ya mwaka 1965 ambayo kila mwanachama mwenye duka angefaa kuijua. Mpangaji wa duka asiye na mkataba wa maandishi, au mwenye mkataba usiozidi miaka 5, hawezi kufukuzwa wala kupandishiwa kodi ila kwa notisi rasmi isiyopungua miezi miwili, naye akipinga anaweza kupeleka shauri lake mbele ya baraza maalum la nyumba za biashara. Kwa kinga hiyo wenye maduka ya zamani walikaa wakazeeka mahali pamoja. Wenye nyumba nao si wajinga: ndiyo sababu mikataba mingi ya siku hizi huandikwa miaka 5 na miezi 3.

Mtaa uliendelea. Tarehe 1 Agosti 1982, siku ya jaribio la kuipindua serikali, maduka mengi ya mjini yalivunjwa na kuporwa, na baba alirudi nyumbani akilia kwa ajili ya cherehani. Kisha katika miaka ya 1990 milango ya nchi ilifunguliwa kwa bidhaa za nje. Mitumba ikashuka bandarini kwa marobota. Viwanda vilivyofuma nguo zetu, kama Kicomi cha Kisumu na Rivatex cha Eldoret, vilidhoofika na kufungwa, ingawa Rivatex kilinunuliwa na Chuo Kikuu cha Moi mwaka 2007 kikapata uhai mwingine. Kwa nini mtu anunue nguo wari tatu na kumlipa fundi, ikiwa shati lililokwisha kushonwa linapatikana Gikomba kwa bei ya vifungo? Baraza ikapunguza mafundi, kutoka watano wakawa wawili. Baba alikuwa wa mwisho kuondoka.

Duka lilijikongoja kwa sare za shule. Mwezi wa Machi mwaka 2020 ugonjwa wa korona ulipoingia nchini shule zikafungwa, na sare zikakaa katika rafu. Mwaka uliofuata mwenye duka, mwana wa yule wa kwanza, alimwita Mwenyekiti wetu akamwonyesha daftari. Tulikuwa bado tunadaiwa bafta ya mazishi mawili. Tulilipa yote wiki ile ile, akapiga mstari, akatupa karatasi yetu tuiweke. Imo katika sanduku la chama pamoja na rejista ya kwanza.

Chumba kile sasa kimegawanywa kwa mbao na vioo, vikatoka vibanda zaidi ya ishirini. Kabla ya kuingia kibandani kijana hutozwa kilemba, ambacho wao hukiita gudwili, na baada ya hapo kodi ya mwezi. Wauza nguo za watoto, simu, viatu na nywele, bidhaa zitokazo Dubai na Guangzhou. Wazee hupita wakatikisa kichwa. Mimi siwezi kutikisa kichwa kwa moyo mmoja, kwa sababu katika chumba ambamo baba yangu hakupata kuvuka kaunta miaka yote aliyokaa nje yake, leo wamo vijana wetu ishirini, na wengi ni wanawake, kila mmoja na ufunguo wake. Walichokosa ni muda. Asiyejua kama atakuwapo Krismasi ijayo hafungui daftari la kumkopesha mtu, na hapo ndipo lilipo jibu la swali la mwanachama wetu kuhusu risiti.

Katika mkutano lilitolewa shauri kwamba chama chenyewe kikodi chumba. Si wazo geni. Mwaka 1947 Luo Thrift and Trading Corporation ya Bwana Oginga Odinga ilianza kwa hisa za watu wadogo, hata ikapata jumba lake Kisumu. Halmashauri italeta maoni yake mwaka ujao, na nimeomba mkataba usomwe na wakili kabla ya mtu yeyote kutoa kilemba.

Bafta ya mazishi ya mwisho mwaka huu ilinunuliwa kwa mama mmoja mwenye kibanda karibu na ngazi. Mweka Hazina alikuwa na nusu ya fedha, akaeleza kwamba ni ya chama. Yule mama aliuliza chama kina miaka mingapi. Alipojibiwa, alikata nguo, akaandika nusu iliyobaki nyuma ya risiti, akasema angoje hadi Jumamosi. Ililipwa Ijumaa.